Mwisho wa Kitabu cha Sidati

Siku vishikwambi vilipofika, Makfula alilia, na haikuwa kwa huzuni. Yeye ndiye mkutubi wa maktaba ya umma ya Tinwarg, na kwa miaka mingi alikuwa akipigana na mchwa na mchanga, vita ambavyo alikuwa akishindwa mchana kweupe. Rafu tatu zilikwisha liwa kiasi kwamba ukivuta kitabu unabaki na jalada mkononi na unga miguuni. Sasa dereva kutoka Nuakshot alimshushia sanduku moja jepesi, akalibeba mwenyewe bila hata melhfa, shuka lake la kujitanda, kumtoka begani, na ndani mlikuwa na vioo vitano vyembamba. Akawasha kimoja. Majina ya vitabu yakaanza kupanda kutoka chini, yakapanda, yakapanda, hayaishi, mpaka birika la chai likafoka na kuzima mkaa yeye hana habari.

"Subhanallah," alisema, na chumbani hamna mtu. "Humu mchwa ataingilia wapi?"

Hakuna aliyemwambia kwamba vitabu vile havikuwa mali ya maktaba. Au tuseme aliambiwa: kulikuwa na maandishi marefu, na chini yake kitufe cha kukubali, naye akakubali kama tunavyokubali wewe na mimi, bila kusoma. Mkutubi mzima! Lakini tusimseme sana. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha hana subira ya masharti.

Kwa kujaribu tu, aliandika jina la mji wake penye kisanduku cha kutafutia. Hakutarajia kitu. Tinwarg ni mji ambao hata malori ya Kiffa hayapunguzi mwendo yakiupita. Kitabu kimoja kikajitokeza. Hadithi ndefu, mwandishi Sidati uld Maham, mzaliwa wa Tinwarg.

Mwili ulimsisimka. Mji mzima ulimjua Sidati, mtoto wa pekee wa mama Tekber. Alikwenda Ulaya kusoma, akabaki kufundisha, akafa huko kwa ugonjwa wa siku chache na kuzikwa kabla mama yake hajapata habari. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amempigia mama simu kumwambia kitabu chake kimetoka. Tekber alichinja mbuzi, akawalisha majirani, kisha akangoja kitabu kije. Hakikuja. Hakikuchapwa kwenye karatasi hata nakala moja. Kilikuwa cha kusomwa kwenye kioo tu, na kioo chenyewe hakuna aliyekuwa nacho. Wanaume wa sokoni wakapata la kusema. Mwana wa Tekber kaandika kitabu cha upepo, walisema, na mama katulisha mbuzi wa kweli. Tekber alizisikia kejeli zile, akanyamaza, na tangu hapo hakukanyaga sokoni.

Makfula hakungoja alasiri. Alifunga maktaba, akakumbatia kishikwambi kifuani, akakatiza uchochoro wa wauza majani mpaka kwa Tekber. Alimkuta mkekani, uso umeelekea mlango. Macho ya yule mama yalikuwa yameingiwa na ukungu siku nyingi na sasa hayaoni chochote, lakini masikio yake bado yaliogopwa. Alikuwa amefundisha watoto Kurani chuoni maisha yake yote. Nusu ya Tinwarg ilikuwa imefinywa sikio na vidole vile, Makfula akiwemo.

Wakasalimiana, habari za nyumba, habari za afya, za joto, za mifugo, za waliolala na walioamka, mpaka salamu zikaisha.

"Mama Tekber," alisema Makfula, "nimekuletea Sidati."

Yule mama aliinua kidole. Kisha akasema taratibu, "Makfula. Kuna utani unafaa na kuna utani haufai. Mimi nilikufundisha adabu pamoja na alifu."

"Wallahi si utani. Kitabu chake. Kimo humu."

Tekber alinyoosha mkono. Akapapasa kioo, akakigeuza, akapapasa mgongo wake, akakigeuza tena. "Mbona ubao huu hauna kurasa?"

"Kurasa zimo ndani."

"Ngapi?"

"Mia tatu na kitu, mama."

"Mia tatu," alisema Tekber. Akakileta puani akakinusa, kisha akakiweka shavuni, na machozi yakamtoka bila sauti. "Wale wa sokoni nao waje wanuse."

Alipojifuta uso alirudi kuwa mwalimu. Alimwamuru Makfula akae karibu. "Utanisomea kila alasiri. Lakini ole wako unitangulie! Usiende mbele yangu hata mstari mmoja. Ukinitangulia nitajua kwa sauti yako."

"Sitakutangulia."

"Haya, anza."

Kilikuwa kitabu cha kijana anayetumwa na mama yake kumtafuta ngamia jike aliyepotea. Kijana anafuata nyayo kutoka kisima hadi kisima, kisha kutoka mji hadi mji, anavuka nchi ambazo watu wake hawajawahi kumwona ngamia, na bado anauliza: hamjamwona ngamia wa mama yangu? Mwisho wa ukurasa wa kwanza Tekber aliinua mkono.

"Anarudi?"

"Sijui, mama. Hujaniruhusu kujua."

"Vyema. Usijue. Lakini hilo ndilo jambo ninalolitaka humo, hakuna lingine. Huyo kijana anarudi kwa mama yake au harudi?"

Basi wakaanza. Makfula alisoma kifungu mara mbili, mara nyingine mara tatu, kisha Tekber akasema, "Funga." Tinwarg hakuna anayehifadhi kitu kwa moyo ubao wake wa chuo ukiwa wazi. Ubao unageuzwa ukutani, ndipo mtu anasema alichokishika. Kusema huku maandishi yanakutazama ni kuchungulia, na aliyechungulia hajahifadhi. Kwa hiyo Makfula alikifunga kitabu sawasawa, kikarudi kwenye orodha yake, na Tekber akakisema kifungu. Akikwama, "Fungua," wakatazama lile neno, "Funga," wakaendelea. Ikawa hivyo kila alasiri, funga fungua, fungua funga, msimu mzima wa joto.

Na Makfula alistaajabu. Mwanzoni alidhani mama wa watu atashika sura mbili tatu za kujifariji. Lakini maneno ya Sidati yalikuwa yakimwingia na kumtoka mazima, na vituo vyake, na pumzi zake, hata mahali ambapo mwanawe alirefusha sentensi mpaka ikakaribia kukatika. Jirani zake walianza kuja na birika na sukari, wakakaa kimya, jambo ambalo mimi binafsi sijapata kuliona kwa wanawake wa Tinwarg. Siku moja Tekber alisema sura nzima bila kukwama, akashusha pumzi, akaomba chai kana kwamba hakufanya lolote. Makfula akammiminia. Kilikuwa ni kitu cha kuogopesha, kuona kitabu kinahama kutoka kwenye kioo na kuingia ndani ya mtu.

Msomaji mwingine wa kitabu kile alikuwa Dedah.

Dedah alikuwa na duka la simu karibu na msikiti, tumbo kubwa, domo kubwa zaidi, na alikuwa ameoa na kuacha mara tatu. Alilala mkeka mmoja na Sidati utotoni. Kila adhuhuri, watu wakijificha jua, yeye alikuja maktaba, akachukua kishikwambi, akajibanza pembeni. Naye alifungua kitabu cha Sidati, lakini moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho. Akautazama, akafunga, akaangalia dari huku midomo ikicheza, akafungua tena. Kama mtoto na mlango wa friji.

"We Dedah," Makfula alimwambia siku moja, "kitabu kinaanziwa mwanzo. Hukuambiwa?"

"Mwanzo naujua. Nimekua nao, tumeibiana tende. Mimi nataka mwisho."

"Umeoa mara tatu hukufika mwisho hata mara moja, leo ndio unautaka?"

"Ndiyo maana! Safari hii nimeanzia huko, nione kama mambo yatakuwa mepesi."

"Basi nakuomba, usije ukaniambia kinachotokea."

"Nikuambie wewe? Ningetaka mji mzima ujue ningekuambia."

Makfula alicheka akamwacha. Alimhesabu miongoni mwa wale wanaokuja maktaba kwa ajili ya kivuli.

Alasiri ile iliyoharibu kila kitu, walikuwa wamefika mahali ambapo kijana wa kitabuni si kijana tena. Ana mvi, anaishi kwenye mji wa theluji, na usiku mmoja anakutana na mtu wa kwao. Anamuuliza swali lake lile lile. Yule mtu anamtazama kwa huruma na kumwambia, "Ngamia alirudi mwenyewe jioni ile ile uliyoondoka."

Wanawake wote mkekani walishika vifua. Mmoja alisema, "Ee Mola, miaka yote hiyo!" Tekber alishika ukingo wa mkeka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwalimu, akasema, "Funga."

Makfula akafunga. Tekber akakisema kifungu chote mpaka kwenye "jioni ile ile uliyoondoka," bila kosa.

"Fungua."

Makfula alibonyeza. Kitabu hakikufunguka. Akabonyeza tena. Jalada likafifia, likawa la kijivu, na maandishi yakatokea juu yake: idadi ya kuazimwa imekwisha. Kisha jalada lenyewe likatoweka, na vitabu vya jirani vikasogea kuziba nafasi yake kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu pale. Kitabu cha karatasi kikifa kinaacha hata unga.

"Fungua, binti yangu," alisema Tekber.

"Mama, subiri kidogo. Mtandao," alidanganya, na sauti ikamsaliti.

Alipiga simu kwa kampuni iliyokodisha vitabu vile, akapokewa na mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Kila kinapofunguliwa, inahesabiwa azimo moja," alisema yule mwanamke. "Mlipewa mara elfu tatu. Maktaba nyingine hazifikishi hata robo. Samahani kuuliza, lakini nyinyi mlikuwa mnakifanyia nini?"

"Tulikuwa tunakisoma," alisema Makfula.

"Ah."

"Niongezeeni. Nitatafuta fedha, nitaiomba wilaya, nitauza bangili zangu."

"Haiwezekani, dada. Mchapishaji alishafunga kazi. Haki zote zimerudi kwa mwandishi, au kwa mrithi wake."

"Mrithi yupo! Amekaa mkekani kwake. Mpeni basi kitabu chake!"

"Hatuna tena cha kumpa. Faili lake lilifutwa mchapishaji alipofunga. Kwenu kilibaki kwa sababu mlikuwa mmekipakua tayari. Pole sana."

Makfula alikata simu. Alizitazama rafu zilizoliwa, akavitazama vioo vitano vinavyong'aa, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba alikuwa mlinzi wa nyumba ambayo mwenye mali anaweza kuja kubeba kitu wakati wowote akitaka. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na ruhusa ya kukitazama. Na sasa mama wa watu ana haki zote za kitabu cha mwanawe, na kitabu chenyewe hakipo duniani.

Alikwenda kumwambia ukweli, maana Tekber hadanganyiki mara mbili. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Kila niliposema fungua, nilikuwa nakipunguza?"

Makfula alitamani ardhi impasukie. "Hukujua, mama. Mimi ndiye sikusoma masharti."

"Nilikuwa namfungia mwanangu mlango kwa mkono wangu," alisema Tekber, akajifunika uso kwa melhfa.

"Si wewe!" Makfula alipayuka. "Ni Dedah! Kila siku ya Mungu anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, kama mwendawazimu! Yeye ndiye aliyekimaliza!" Akainuka na kutoka, hasira zimempanda kichwani, kwa kuwa ni nafuu kumkasirikia Dedah kuliko kujikasirikia mwenyewe.

Jua lilikuwa kali na mlango wa duka la simu ulikuwa umerudishwa nusu. Makfula aliweka mkono kuusukuma, na tusi la kwanza tayari lipo ulimini, akasikia sauti. Ilikuwa ya Dedah, lakini si ile ya sokoni. Ilikuwa sauti ya chini, yenye mahadhi ya chuoni, ikitembea polepole. Alichungulia. Dedah alikuwa ameinamia simu iliyopasuliwa, bisibisi mkononi, na huku anakaza skrubu anasema maneno kuhusu barabara, na vumbi, na mtu mwenye mvi anayeshuka kwenye lori. Sentensi ile ilirefuka, ikarefuka, ikakaribia kukatika, ndipo ikapumzika. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyeandika vile.

Nywele zilimsimama. Kisha akakumbuka ahadi yake, akaziba masikio kwa vidole vyote viwili na kupiga kelele: "Nyamaza! Nyamaza usinitangulize!"

Dedah aliruka, skrubu zikatawanyika sakafuni. "We mwanamke! Unataka kuniua?"

"Umekihifadhi?"

Dedah aliangalia chini kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari. "Nilichoweza."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka mwisho, narudi nyuma. Unanishangaa nini? Chuoni sisi tulianzia wapi? Si huko mwisho, kwenye sura fupi, tukarudi nyuma hatua kwa hatua? Ndivyo mama Tekber alivyonifundisha na fimbo yake. Njia nyingine siijui."

Makfula aliketi kwenye kreti la soda. Alikumbuka adhuhuri zote zile, dari, midomo inayocheza. Mtu alikuwa anajenga nyumba mbele ya macho yake, yeye akadhani anatafuta kivuli.

"Dedah, wewe unauza simu. Kwa nini hukukipiga picha tu?"

"Nimeuza simu ngapi, Makfula? Na ngapi nimezizika mimi mwenyewe, na picha za harusi za watu zimo ndani, wanalia hapo ulipokaa? Mimi najua simu ni nini." Aliinama akaanza kuokota skrubu. "Huyu alikuwa rafiki yangu. Sikutaka kumweka humo."

"Umerudi nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka pale ambapo—"

"Usiniambie! Inuka twende kwa mama."

"Siendi."

"Kwa nini?"

Dedah alikaa kimya, na ukimya kwa Dedah ni ugonjwa. "Akisikia mwisho, kitabu kimekwisha," alisema hatimaye. "Kikishaisha, Sidati naye amekwisha. Si bora mama abaki anangoja? Anayengoja ana kitu."

"Dedah, kaka yangu," alisema Makfula, "yule mama anadhani amemfungia mwanawe mlango kwa mkono wake. Amejifunika uso. Hicho ndicho kitu alichonacho sasa."

Dedah aliweka bisibisi chini.

Lakini Makfula hakumpeleka siku ile. Alikuwa amepata wazo, na wazo lenyewe lilimtisha kwa ukubwa wake. Kama maktaba haiwezi kubaki na kitabu cha watu wengine, kwa nini isitengeneze chake? Alikwenda kwa Tekber, akakaa mbele yake kama anavyokaa mtu mwenye posa.

"Mama, wewe ndiye mrithi. Maneno ni yako. Ukiyasema, nitayanasa kwenye kioo kile kile, kwa sauti yako, kisha nitayaandika neno kwa neno na kuyachapa kwenye karatasi pia. Kitakuwa kitabu cha maktaba ya Tinwarg. Je, unaipa maktaba ruhusa?"

"Nitasema nini, nami nina nusu ya maneno?"

"Nusu nyingine ipo kwa Dedah."

"Dedah yupi?" Tekber alifunua uso. "Dedah yule niliyemchapa mwaka mzima kwa sura moja?"

"Huyo huyo."

Tekber alitafakari. "Na ruhusa hiyo mnaiandikaje? Yule mchapishaji aliweka masharti gani?"

"Safari hii masharti ni yako."

"Basi wakifungue mara wanazotaka," alisema Tekber.

Alisema kwa siku kadhaa, ndani ya maktaba, kishikwambi kimesimamishwa mbele yake juu ya kopo la maziwa ya unga. Siku ya kwanza walikuja wanawake wa mkekani. Siku ya pili walikuja watoto wa chuo na walimu wao. Siku ya tatu wanaume wa sokoni walisimama mlangoni, kwanza kwa ajili ya kucheka, kisha mmoja akavua viatu, akaingia akakaa, na wengine wakafuata. Hakuna aliyesema neno juu ya upepo. Mama kipofu alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na kitabu kizima kilikuwa kinatoka kinywani mwake, miji na theluji na visima, na hakuna karatasi popote. Watu wazima waliinamisha vichwa. Makfula alikuwa ameshasikia kila neno, na bado alijikuta amesahau kupumua.

Siku ya mwisho chumba kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya rafu tupu. Dedah alikuwa karibu na dirisha, kanzu imelowa jasho. Makfula alikuwa na hofu moja tu: hakuna aliyejua Dedah amerudi nyuma mpaka wapi, maana yeye mwenyewe alimkataza kusema. Labda kati ya mama na Dedah palikuwa na sura nzima ambayo hakuna mtu aliye nayo tena. Labda kijana angebaki kwenye mji wa theluji milele, na upande wa pili mtu mwenye mvi anashuka kwenye lori, na katikati hamna njia.

Tekber alifika kwenye usiku wa theluji. Akafika kwa mtu wa kwao. Akalisema swali, hamjamwona ngamia wa mama yangu, akapunguza sauti, kwa kuwa alijua amebakiwa na jibu tu.

Dirishani, Dedah akavuta pumzi. Alifumba macho, akaanza pale ambapo yeye alikuwa ameishia kurudi nyuma.

"Ngamia alirudi mwenyewe," alisema Dedah.

"Ngamia alirudi mwenyewe," alisema Tekber wakati ule ule, na sauti mbili zikagongana katikati ya chumba, zikashikana, zikaenda pamoja: "jioni ile ile uliyoondoka."

Mtu mmoja alipiga takbira, wengine wakaitikia, wanawake wakapiga vigelegele, na Makfula akalia waziwazi. Sentensi moja tu! Msimu mzima, mmoja alikuwa akija kutoka mwanzo na mwingine kutoka mwisho, hakuna aliyemwita mwenzake, na wakakutana kwa sentensi moja. Tekber aliinua mkono kuwanyamazisha. Uso wake ulikuwa umegeukia dirishani.

"Endelea, Dedah," alisema. "Polepole. Mimi sijafika huko."

Dedah akaendelea. Mtu mwenye mvi anapanda ndege, anapanda basi, anapanda lori. Anashuka kwenye vumbi. Mahema hayapo tena, kuna nyumba za matofali, naye anapotea kwenye mji wake mwenyewe. Anaulizia, anaonyeshwa mlango. Anasimama nje na mikono mitupu, anaona haya, kwa sababu alitumwa kitu na hakukileta. Ndani anasikia mtu anajongea.

"'Nani hapo?' aliuliza mama.

"'Ni mimi. Sikumpata.'

"'Na nani kakuuliza habari za ngamia?' alisema mama yake. 'Ingia.'"

Dedah alinyamaza. Kitabu kilikuwa kimekwisha. Wote walikuwa wakimtazama yule mama.

"Amerudi," alisema Tekber.

"Amerudi, mama," alisema Makfula.

"Na hivyo ndivyo ninavyosema mimi. Umesikia? Ni maneno yangu hayo. Hivyo ndivyo ningemwambia." Alitabasamu, na uso mzima ukawa wa mwanamke ambaye watu wa rika la Makfula hawakuwahi kumwona. "Dedah, mwanangu. Rudia hapo mlangoni."

Dedah alijifuta uso kwa mkono wa kanzu. Akarudia vumbi, akarudia mlango, akarudia mikono mitupu. "'Nani hapo?' aliuliza mama. 'Ni mimi. Sikumpata.'" Akafungua kinywa kuendelea, kisha akakifunga.

"Na nani kakuuliza habari za ngamia?" alisema Tekber. "Ingia."